Shuka Lisilokauka

Mjomba wangu alikuwa kinyozi, na kila kitu alichokipenda alikitazama kama kichwa cha mtu. Akija kwenu, kabla hajakaa, ungemwona akizungusha macho ukutani kutafuta mahali chokaa ilipobanduka, kisha akanyoosha mkono kupapasa. Meza mpya aliipapasa. Ndama wa jirani alimpapasa. Mama yangu, ambaye ni dada yake, alikuwa akimwambia mbele za wageni kwamba hata jeneza lake atataka alipapase kwanza kabla ya kuingia.

Lakini kichwa alichokipenda kuliko vyote hakikuwa na masikio. Kilikuwa tuta la udongo lililozuia maji ya kijito na kufanya bwawa dogo nyuma ya nyumba yake. Bwawa lenyewe halikuwa la kumfanya mpita njia asimame. Mtoto mwenye mkono mzuri angeweza kurusha jiwe likaangukia ng'ambo. Ila tuta lile lilikuwa limenyolewa. Sina neno jingine. Nyasi zake zilikuwa fupi kutoka mwanzo hadi mwisho, zikishuka mteremko bila ngazi wala upara, na pale tuta lilipokutana na ardhi ya kawaida alizichonga mstari ulionyooka, kama anavyochonga paji la uso la bwana harusi.

Watu walidhani ni madaha. Haikuwa hivyo. Fundi wa barabara aliyemsaidia kulijenga, miaka mingi nyuma, alimwambia kwamba tuta la udongo halifi ghafla. Huanza kuumwa, na dalili zake hujificha kwenye nyasi ndefu: shimo la panya, ufa, mahali palipolowa bila mvua. Anayetaka kulala usingizi azikate nyasi, atembee, atazame. Mjomba alilishika neno hilo kama watu wengine wanavyoshika dini. Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, alilipita tuta lote, akienda kwa juu na kurudi kwa chini, mikono nyuma, na alipotilia shaka aliinama akapapasa.

Kisha alikwenda kazini. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye kiti cha kuzunguka ambacho kilikuwa kimeshasahau kuzunguka, kioo kilichoota madoa meusi pembeni, benchi la wanaosubiri, na harufu ya spiriti iliyokukaribisha tangu nje. Alinyoa polepole. Mwenye haraka aliambiwa aende akanyolewe na mwenye haraka mwenzake.

Aliyelitaka bwawa alikuwa mkewe. Alikulia nyumba ya madobi, na utoto wake wote ulikuwa kubeba ndoo za maji kichwani, hata nywele za utosini zikakatika pakabaki kiduara kitupu. Mjomba alipenda kusimulia kwamba ndicho kilichomteka. Wanaume wengine waliona macho, waliona mwendo. Yeye aliona kile kiduara, akajua mwanamke huyu amechoka, akaapa moyoni kwamba akimpata hatabeba ndoo tena. Ilimchukua muda mrefu kutimiza kiapo. Kiwanja kilikuwa na bonde dogo nyuma, kijito kikipita katikati. Udongo ulichimbwa ubavuni mwa bonde, ukamwagwa, ukalowanishwa, ukakanyagwa. Na aliyekuja kuwatembelea siku za mapumziko alivuliwa viatu na kupelekwa kukanyaga. Mama anasema alikanyaga akiwa na mimba yangu, na kwamba ndiyo maana miguu yangu ni mizito.

Siku tuta lilipokamilika, mkewe alileta mche uliokuwa umeoteshwa ndani ya kopo la maziwa, akaupanda juu kabisa, mgongoni mwa tuta, katikati. Alitaka kivuli cha kukalia akitazama maji yake. Wote wawili waliamini mizizi ingelishika tuta kama uzi unavyoshika pindo. Ungeamini hata wewe. Fundi wa barabara alikuwa ameshaondoka na kazi yake, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba tuta la udongo halipandwi mti.

Mti ukakua. Chini yake mkewe alichambua mboga, alishona vifungo, alisinzia.

Chini ya tuta, upande wa pili, alikaa Dobi. Alikuwa kaka wa mke wa Mjomba, kwa hiyo shemeji yake, na tangu siku ya posa watu hawa wawili hawakuwahi kusalimiana kama binadamu wa kawaida. Dobi alimwita Mjomba "Wembe Butu". Mjomba alimwita Dobi "Bwana Mapovu". Bwawa lilipojaa, Dobi aliihamishia kazi yake pale bondeni, kwa sababu bomba lililopita chini ya tuta, lenye koki kubwa ya chuma, lilimpa maji bila ndoo. Alijenga nyumba ya vyumba vitatu, akasimamisha nguzo za kamba za kuanikia, na mashuka makubwa, yale ya nyumba za wageni na zahanati, aliyatandaza kwenye nyasi fupi mguuni mwa tuta, maana hakukuwa na mahali safi zaidi. Ukisimama juu mchana uliona meupe matupu pale chini. Mjomba alisema shemeji yake anamfunika mteja wake kitambaa kabla hajamaliza kumnyoa.

Halafu mkewe akaugua. Ulikuwa ugonjwa mrefu wa kitandani, na siku zote zile Mjomba alinyoa vichwa vya watu bila kusema neno, na Dobi alipanda kutoka bondeni kila asubuhi kuchukua mashuka ya mgonjwa, akayarudisha jioni yamenyooshwa. Alipofariki, mti wake nao ulianza kulala upande mmoja, na upepo mmoja ulitosha kuutisha mtaa. Mjomba akaukata kwa msumeno. Lakini kisiki alikiacha. Alikipiga msasa juu mpaka kikawa laini kama kiganja, akakipaka mafuta, na kuanzia hapo kila alipofunga duka alikwenda kukikalia na kumpa mkewe habari za mchana. Nani ameanza mvi. Nani ameoa tena. Nani ana kovu kisogoni ambalo hata mwenzake wa nyumbani hajui limetoka wapi. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, na watu wa mtaa walikuwa wakipita mbali kidogo, kwa heshima, ingawa nadhani wengine walitamani kusikia ya kovu.

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka yake ya ujane. Nasema haya ili ieleweke kisiki kile kilikuwa nini, kabla sijafika kwenye shuka.

Ilikuwa kiangazi, nyasi zimeanza kukakamaa, wakati Dobi alipogundua kwamba shuka moja halikauki. Aliliinua jioni likiwa na unyevu mahali pamoja, upana wa sinia. Kesho yake alitandaza jingine palepale, nalo likafanya vilevile, huku mengine yote yakiwa makavu ya kupiga kelele. Alipiga magoti akaweka kiganja kwenye nyasi. Kilirudi kimelowa.

Akapanda mpaka dukani. Benchi lilikuwa limejaa, na Mjomba alikuwa amemwinamisha mtu kichwa.

"Wembe Butu," Dobi alisema mlangoni, "tuta lako linatoka jasho."

"Hata wewe ungetoka jasho, ungekuwa umezuia maji yote yale kwa kifua," Mjomba alijibu bila kugeuka. "Wewe unazuia nini? Mapovu."

Benchi likacheka. Dobi hakuondoka. Alieleza habari ya shuka, akieleza kwa mikono upana wa pale palipolowa, na Mjomba, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumchoma, akaweka mashine chini na kumpa somo mbele ya watu wote. Kila tuta la udongo hutoka jasho kidogo, alisema. Fundi alimwambia tangu mwanzo. Jasho si ugonjwa. Ugonjwa ni siku maji yatakapotoka na udongo, kwa kuwa udongo huo hautoki mbinguni, unatoka tumboni mwa tuta lenyewe. Tuta likianza kutoa tumbo lake nje, hapo ndipo ukimbie. Je, maji aliyoyaona yalikuwa na udongo?

Dobi akakiri yalikuwa safi.

Basi, akasema Mjomba, aende akaanike kwingine.

Hata hivyo jioni ile alishuka. Namfahamu, asingeweza kula. Alipapasa pale mahali, akachota maji kwa kifuniko cha chupa, akayainua kwenye mwanga, yakawa safi kama ya kunywa. Alipanda akakaa kwenye kisiki chake, na nadhani alimweleza mkewe kwamba kaka yake ana hofu za kizee.

Alikuwa amesema kweli. Siku ile, alikuwa amesema kweli kabisa, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kwake baadaye.

Dobi naye alifanya jambo ambalo dobi tu angelifikiria. Alichukua shuka kuukuu lililotoboka katikati, lisilo na mwenyewe, akalifua mpaka likawa jeupe la kuumiza macho, akalitandaza pale palipolowa. Jioni akalitazama, akalifua tena, asubuhi akalirudisha. Macho yanadanganyika kwenye maji, aliwahi kuniambia. Matope kidogo kwenye kikombe huyaoni, lakini shuka jeupe halifichi hata jani la chai. Alifanya hivyo kila siku bila kumwambia mtu, akiingojea rangi.

Wakati huohuo binti yake alirudi nyumbani na kitoto kichanga, mume wake akiwa kazini mbali, akapewa chumba cha nyuma, kile kilichokuwa karibu zaidi na tuta kwa sababu kilikuwa na ubaridi. Mjomba alikwenda kumwona mtoto, akampapasa kichwa, akatangaza kwamba ni kichwa kizuri, hakina kona, na kwamba yeye ndiye atakayekinyoa mara ya kwanza, mwingine asithubutu.

Mvua zikaanza. Zilikuja mapema, za mchana, nzito. Bwawa likapanda mpaka likaanza kumwaga kupitia mfereji wa pembeni uliosakafiwa mawe kwa ajili hiyo, na Mjomba alisimama kuutazama kwa fahari, mwavuli begani, maji yakipita pale yalipoamriwa kupita.

Siku ya pili au ya tatu baada ya hapo, mchana, mvua ilipopumzika, Dobi alifika dukani. Alikuwa amelishika shuka mikononi kama mtu aliyebeba mtoto. Hakumwita Wembe Butu.

"Shemeji," alisema.

Mjomba alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mwalimu mmoja wa hesabu. Alisikia neno hilo, ambalo Dobi hakuwa amelitumia tangu msiba, akageuka. Dobi akalikunjua shuka. Katikati palikuwa na doa la rangi ya chai ya maziwa, limechanua kuelekea chini, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na udongo laini, wa kutosha kuuchukua kwa ncha ya kidole. Mjomba akauchukua. Akausugua kati ya kidole na kidole. Aliujua udongo ule. Alikuwa ameukanyaga miaka.

Alitoka hivyohivyo na brashi ya poda mkononi. Mwalimu wa hesabu akabaki kitini, upande mmoja wa kichwa uking'aa na mwingine una kichaka, kisha naye akaamua ni afadhali afuate kuliko kukaa, na kitambaa kikiwa bado kimefungwa shingoni. Ndivyo walivyopita barabarani watu watatu hao, na wanaosubiri nyuma yao, na wenye maduka wakatoka nje kutazama.

Chini ya tuta maji yalikuwa yakibubujika kidogo, ya kiasi cha bomba lililofungwa vibaya, na yalikuwa na rangi. Mjomba alipiga magoti. Alipapasa kutoka pale akipanda, kiganja baada ya kiganja, akifuata ulaini wa ardhi kama anavyofuata uvimbe chini ya nywele, na kila alipopanda mkono wake ulikuwa unaelekea mahali pamoja. Katikati ya mteremko akasimama. Wote waliokuwa pale waliona anaelekea wapi. Juu yake, mgongoni mwa tuta, kilikaa kisiki.

"Panya," alisema akiinuka. "Ni shimo la panya."

Dobi alitazama miguu yake.

Mwalimu ndiye aliyekuwa na mpwa wake wa kike katika kazi za maji, mtaalamu wa mabwawa, na alipiga simu palepale akiwa na kitambaa chake. Mpwa alikuja kabla jua halijapoa. Alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye buti za mpira, akamwamkia Mjomba shikamoo kwa kupiga magoti kidogo kana kwamba amekuja kuposa, akalisifia tuta, akasema hajaona tuta la mtu binafsi lililotunzwa vile. Lau nyasi zingekuwa ndefu, wasingeona chochote mpaka siku ya kuzoa maiti. Kisha akasema lililomleta. Koki ifunguliwe sasa hivi, maji yashushwe polepole. Pale yanapotokea wamwage mchanga, halafu kokoto juu yake, ili maji yapite lakini udongo ubaki. Wasizibe, maana yakizibwa hapa yatatafuta pengine. Binti na mtoto wake wasilale bondeni, wala Dobi mwenyewe. Na bwawa likishuka, kisiki king'olewe na mizizi yake yote, kwa kuwa mti ukifa mizizi huoza, na kila mzizi uliooza ni bomba.

Mjomba alikubali yote kwa kichwa, moja baada ya jingine. Lilipofika la kisiki, kichwa kikasimama.

"Kisiki hapana."

Mtaalamu akaeleza tena, taratibu. Mjomba akasema basi ataliacha bwawa nusu, koki wazi maisha yake yote, na kisiki kitabaki. Mtaalamu akasema mvua kubwa haiombi ruhusa ya koki. Bomba lile halitoshi, bwawa litajaa tena kwa mchana mmoja, na njia ya ndani itakuwa imeshapanuka. Mjomba akarudia neno lake. Alisema kwa upole uleule anaotumia kumwambia mteja kwamba hamnyoi ndevu leo kwa sababu ngozi imevimba. Mtaalamu akaenda kusaidia kumwaga mchanga. Watu wa benchi walikuwa wameshaanza kubeba kwa karai.

Koki ilikuwa imeshika kutu kidogo, ikalia, ikafunguka. Maji yakatoka kwa nguvu kwenye mfereji wa kufulia wa Dobi, yakabeba beseni lake moja, hakuna aliyelikimbiza.

Mjomba alipanda juu akakaa kwenye kisiki. Dobi alimwacha kwa muda. Kisha akapanda naye, akiwa bado na lile shuka, akasimama mbele yake. Binti yake alikuwa njiani anatoka bondeni, mtoto mgongoni, godoro likiwa limebebwa na watu wawili nyuma yake.

"Unataka niking'oe," Mjomba alisema. "Alichokipanda dada yako kwa mkono wake. Wewe, kaka yake."

"Mimi sitaki," Dobi alisema. "Nani anataka? Mimi nilikuwa nikimwona hapa kila nikiinua macho kwenye beseni."

"Basi kiache."

"Shemeji, nani alifua mashuka ya ugonjwa wake?"

Mjomba alipapasa ukingo wa kisiki.

"Nilijua kabla ya daktari," Dobi alisema. "Niliona kwenye shuka. Nilifua, nikanyoosha, nikakuletea meupe, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa naogopa uso wako. Sasa nimekuletea hili kabla sijalifua."

Alilitandaza magotini mwa Mjomba, doa likiwa juu.

Chini mtoto alianza kulia, kilio cha njaa tu, na godoro likakwama kwenye uzio, na watu wakaanza kubishana namna ya kuligeuza. Mjomba aliangalia uzio, godoro, na binti mwenye mtoto mgongoni akingoja. Kisha akaniambia nilete jembe. Nilikuwa nimekuja kumsalimia tu siku ile, nimevaa viatu vya ofisini.

Hatukuchimba siku ileile. Ilibidi maji yashuke kwanza. Binti na mtoto walilala kwa Mjomba, na Dobi alilala kwenye kiti dukani, akalalamika asubuhi kwamba kiti hakizunguki lakini kinauma. Mvua ilirudi, ikanyesha bila haya, bwawa likabishana na koki, ila mchanga na kokoto vilishika na maji yaliyotoka yakaanza kuwa meupe. Mjomba alikuwa akishuka na lile shuka kila baada ya muda kulikagua. Hakumwachia Dobi.

Maji yalipokuwa yamebaki kidimbwi katikati, tulichimba. Mtaalamu alisimamia. Mjomba alishika jembe la kwanza, na hapo ndipo tulipoona jambo ambalo bado linanirudia. Kisiki hakikuhitaji nguvu. Kile cha juu, kilichopigwa msasa, kilichong'aa kwa mafuta, kilikuwa ganda tu, unene wa ubao. Ndani yake kulikuwa na unga mwekundu na mchwa. Kiliondoka mikononi mwa watu wawili kama kofia. Chini yake mizizi ilikuwa imekwenda, pamebaki mahali ilipokuwa: magamba matupu yakiingia udongoni kila upande, kama mikono ya koti lisilo na mtu.

Mjomba alilala kifudifudi ukingoni mwa shimo, akatumbukiza mkono kwenye mmoja. Ukaingia kiganja, ukaingia kiwiko, ukaingia mpaka begani, shavu lake likagusa udongo. Alipapasa huko ndani kwa muda mrefu. Tulingoja aseme.

"Nilikuwa nakaa naye juu ya hewa," alisema mwisho, shavu likiwa bado chini. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha pumzi bila sauti, na Dobi akamshika mguu asije akateleza, na sijui ni nani kati yao aliyeanza kulia.

Kujaza upya kulichukua muda kuliko kuchimba. Kila mzizi ulifuatwa mpaka mwisho wake. Udongo wa mfinyanzi uliletwa, ukalowanishwa kiasi cha kushikamana kwenye ngumi, ukatandazwa tabaka jembamba, ukashindiliwa, ndipo likaja tabaka jingine. Mtaalamu hakuruhusu kujaza kwa pupa. Duka lilikuwa limefungwa siku zote hizo. Mtaa ukaota nywele. Watu wakaanza kuonekana na vichwa vya ajabu, mwalimu wa hesabu akiwa wa kwanza, maana alikuwa amekataa kumaliziwa na kinyozi mwingine, akafundisha siku hizo zote amevaa kofia. Mwishowe walishuka wenyewe kumfuata. Mjomba aliwapokea kwa masharti: vua viatu, kanyaga kwanza. Walikanyaga kwa mistari, bega kwa bega, wakiimba upuuzi, na aliyemaliza alikalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanyolewa palepale, chini ya anga. Dobi alizunguka akipiga kelele kwamba nywele zisiangukie kwenye udongo, zitaoza zilete mabomba mengine. Mtaalamu alikataa kusema kama ni kweli.

Juu hapakupandwa kitu. Mjomba aliotesha nyasi tu, na zilipokua akazinyoa.

Bwawa lilijaa tena taratibu. Lilipofika mahali pake, Dobi alitandaza lile shuka kuukuu palepale asubuhi, na mchana kutwa watu hawa wawili walijifanya wana shughuli nyingine. Mjomba alinyoa. Dobi alipiga pasi. Jua lilipoanza kulegea walikutana bondeni bila kuitana. Binti alikuwa amesharudi chumba chake cha nyuma. Mtoto alikuwa amewekwa kivulini, kichwa chake kipya kimenyolewa na mwenye haki.

Dobi alishika ncha moja, Mjomba nyingine, wakaliinua. Lilitoa sauti, ile ya kitambaa kilichokauka vizuri. Mjomba hakutosheka, alilipapasa kote, hatua kwa hatua, akaliweka shavuni, akalinusa.

"Unanusa nini?" Dobi alimuuliza. "Sabuni ni ileile."

"Umeliunguza hapa, Mapovu."

"Hilo ni tundu. Lilikuwapo kabla hujaniolea dada."

Mjomba akalikunja, akalichukua, akasema ni lake sasa. Kisha akaenda kuchukua kigoda.

Siku hizi ndivyo anavyofanya. Hakiachi kule juu. Mtaalamu alisema tuta lisiachiwe kitu kizito kitakachochimba wala kuficha, na yeye amelishika hilo pamoja na lile la nyasi. Akifunga duka, anapanda na kigoda mkononi na mwavuli kwapani kwa kuwa kivuli hakuna tena, anakaa katikati, anatazama maji. Akimaliza anakiteremsha. Goti lake moja linamsumbua, nasi tumemwambia mara nyingi kwamba anaweza kukaa ng'ambo ya bwawa, kwenye benchi, aone vilevile. Anasema huko si mahali anapomsimulia.

Nilikuwa naye jioni ile ya shuka. Nilikaa kando kidogo, mbali kama watu wa mtaa wanavyokaa, lakini upepo ulikuwa unakuja kwangu. Alianza na mwalimu wa hesabu, kwamba nywele za upande mmoja zimeota zikiwa na mvi na za upande mwingine hazina. Akaja kwa kichwa cha mtoto. Alilitoa shuka kwapani, akaliweka magotini na kulinyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Na la kaka yako," alisema, "limekauka."